Patasi za Baba

Nikifungua kabati langu, linanuka mawese na chuma. Baba alikuwa seremala. Alipaka patasi zake mawese zisishike kutu, akazichomeka kila moja katika mfuko wake kwenye kitambaa cha jinzi alichoshona mama, akakiviringa na kukifunga kamba.

Asubuhi tuliyokimbilia Kavimvira ili tuvuke mpaka, yeye alibaki kufunga nyumba. Mama alikibeba kile kitambaa mgongoni kwa kitenge, kama mtoto mchanga. Nikalia nibebwe mimi.

“Weye uko na miguu,” akasema. “Baba yako akitufikia, atafanya kazi na nini?”

Askari wa mpakani alimwambia mama kuwa mtoto wake ana usingizi mzuri. Mama akajibu, “Aksanti.”

Kitambaa kimo kabatini. Fundo la kamba ni lile lile alilofunga baba.