Rangi Haivuki Pakavu

Nakiri kwamba siku ile nilikwenda na rula. Nimejifundisha rangi za maji kwa video za simu, na wote wanaofundisha humo husema jambo lilelile: legeza mkono, iache rangi itembee. Mimi sijui kulegeza. Uwanja huu wa malori wa Tunduma, ulio wazi kuelekea Zambia, nilikuwa nimeuchora mara kumi na moja na kuuchana mara kumi na moja, kwa tairi lililopinda, kwa bati lililozidi urefu. Ilibaki karatasi moja nene. Nilijiapia kwamba nayo ikiharibika, brashi nazigawa na sichori tena.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya mama anayechoma mahindi. Nikalowesha upande wa kwetu, nikamwaga wekundu wa vumbi, na doa la njano kwa kaka mmoja aliyekuwa akibadilisha fedha pale. Nikalowesha upande wa Nakonde, kule Zambia, nikamwaga bluu. Katikati niliacha ukanda mkavu, upana wa kidole, umenyooka kwa rula.

"Mbona hapo umeruka?" mama akauliza.

"Ndiyo mpaka, mama. Rangi haivuki pakavu."

Akacheka hadi akaacha kupepea mkaa. "Basi hiyo rangi yako haijawahi kukaa Tunduma."

Lori lililokuwa nyuma yetu likaachia upepo wa breki. Nilishtuka, goti likagonga kopo, maji yote yakamwagikia karatasi.

Nilishika kitambaa nifute. Mama akanidaka kiganja, mkono wake umejaa masizi. "Tulia, mwanangu. Usiguse. Angalia kwanza."

Nikaangalia. Wekundu ulikuwa unavuka taratibu, kama mtu anayejua anakokwenda. Bluu nayo ilikuja huku. Zilipokutana ikainuka rangi ambayo kwa miezi nimeikoroga nikaikosa: ule ukungu wa zambarau unaokaa chini ya malori asubuhi, vumbi na moshi pamoja. Ilijitengeneza mbele yangu, bila mkono wangu.

Yule kaka anayebadilisha fedha aliinama begani kwangu, kwacha zimejaa mkononi. "Dada, mimi niko wapi hapo?"

"Lile doa la njano."

"Mbona niko Zambia?"

"Amekuvusha bila pasi!" mama akadakia.

"Aa, nirudishe bwana. Weka mpaka, hata kamstari kadogo. Watu wajue."

Na mimi moyoni nilikuwa natamani hichohicho. Karatasi ilipokauka nikatoa kalamu ya wino. Lakini siwezi kupiga mstari kwa kubahatisha. Lazima nione unapopita hasa. Nikainua macho.

Akina mama walikuwa wanakwenda na beseni za nyanya kichwani, wengine wanarudi na beseni tupu. Bodaboda zilikatiza katikati yao. Lori moja kichwa chake kilikuwa kule, mkia huku. Niliutafuta ule mstari muda mrefu, mimi niliyekulia mji huu, nikisikia neno mpakani kila siku ya maisha yangu. Kutoka pale kwenye ndoo sikuuona. Niliona watu tu, na kati yao ule ukungu wa zambarau.

"Umeupata?" kaka akauliza.

"Bado natafuta."

Nikafunika kalamu. Mama akanichotea maji kwenye kopo lake la plastiki, nikaosha brashi moja baada ya nyingine, nikazirudisha mfukoni mwangu.