Picha ya Maporomoko Iliyokosa Mnunuzi

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ile ya hamsini, mwanangu, nilipozunguka Kisangani na picha kichwani kama mama muuza chikwangue, ile mikate ya muhogo, nikitafuta mtu wa kuinunua. Nikikosea mahali unisamehe. Shule yangu ilikuwa fupi, na kumbukumbu hupenda kumpendelea mwenye nayo.

Ilikuwa picha ya maporomoko, iliyochorwa kwenye kitambaa na kutiwa fremu ya mbao: nguzo za wavuvi katikati ya maji, vikapu vikubwa vya kutegea samaki vinaning'inia, na mzee mmoja ameshikilia nguzo. Niliinunua ufukweni, pale meli za mto zinapofunga gati, kwa kijana aliyekuwa akichora na kuwauzia abiria. Nilitumia fedha ambayo mimi na mke wangu Veronika tulikuwa tukiiweka kwa ajili ya cherehani yake.

"Usihofu," nilimwambia. "Kitu cha ukutani hakili, hakiugui kama mbuzi. Mwakani Mzungu atalipa mara mbili."

Veronika aliitazama tu, kila siku, akipiga pasi. Nikadhani ananisuta.

Mwaka ukaisha. Siku ya kwenda kuiuza niliipaka mafuta ya mawese ili ing'ae. Lo! Anga likageuka njano, na mzee wa nguzoni akachuruzika mafuta. Hata hivyo nikaipeleka. Duka la kwanza walikataa, la pili wakacheka. Nikaishia kwa Papa Saidi, seremala aliyetoka Maniema, mtengeneza fremu. Yeye aliigeuza, akatazama mgongo kabla ya uso, kisha akanusa.

"Kijana, picha umeikaanga?"

"Nimeipaka kidogo, papa."

"Bon. Aliyeichora, kuna mutu anamutafutaka?"

"Sijui."

"Kuna mutu alikuja kwako kusema, niuzie?"

"Hapana."

"Alors, ulijua namna gani bei itapanda?"

Nikaanza kumlaumu mchoraji. Akanikata: "Yeye alikuambia itapanda?"

Kusema haki, hapana. Kijana yule alisema ni nzuri, basi. Neno "ghali" nililitia mimi mwenyewe masikioni mwangu.

"Fremu nitanunua, mbao iko muzuri," alisema Papa Saidi kwa upole. "Picha, rudisha kwa mama."

Wazee husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sina elimu ya kubishana nao, lakini siku ile kizuri nilikitembeza mji mzima. Na bei ya fremu niliyomwachia isingenunua hata gurudumu la cherehani.

Nilirudi kwa aibu, kitambaa nimekikunja kwapani. Veronika alikikunjua, akagusa bega la yule mzee.

"Umemupaka papa yangu mawese," alisema, akicheka na machozi yakimtoka.

Baba yake alichukuliwa na maji kabla sijamwoa, sikumjua. Kumbe bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kama la yule wa pichani.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Lakini ulisema ni ya kuuza. Kitu ya kuuza, mutu haiweke moyoni."

Kama kweli alikuwa baba yake, mpaka leo sijui. Labda kijana alichora bega lolote. Sikuuliza tena. Nilitafuta misumari minne, tukaipigilia ukutani bila fremu. Cherehani nayo ilikuja, polepole sana, na nguo nyingi zilishonwa chini ya mzee yule wa mafuta.

Basi, mwanangu, ukinunua picha ya kutundika nyumbani, usiiite akiba. Kwanza tafuta kujua kama mchoraji ana watu wanaomtafuta, na kama yuko mwingine anayeitaka hata leo. Usiisugue, usiipake kitu. Usipompata huyo mwingine, nunua kwa fedha usiyoihitaji, na kwa sababu unaipenda. Tena kabla ya kutaja bei, muulize unayeishi naye anaona nini ndani yake. Kuuliza si ujinga. Mimi kutouliza kulimnyima Veronika baba yake mwaka mzima.

Mungu akupe ukuta usioingia unyevu, na mtu wa kutazama pamoja naye.