Springi za Shemegi Yangu

Mume wa dada yangu Moza, Jaribu Hija, alikuwa na gari dogo la kukodi pale Jadida, Wete, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio dawa: hakuweza kuona kona akapunguza mwendo. Barabara ya Chake siku zile ilikuwa kona tupu, vilima na mabonde, mikarafuu huku na huku, na Jaribu akiipita kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Watu wa harusi walimgombania. Wazee walipanda mara moja tu, mara ya pili wakaona heri miguu yao.

Nasema haya kwa kumcheka, lakini nilimpenda shemegi yangu. Alikuwa mkarimu, na hakuwahi kumpandishia dada yangu sauti. Kasoro yake ni kwamba kila jambo la dunia alidhani lina bolti yake, ukiipata ukaikaza, basi limekwisha.

Moza alikuwa ameharibu mimba mbili. Mara zote mbili alipelekwa hospitali ya Chake kwa gari lile lile, na mara zote mbili alirudi mikono mitupu. Kinywa jumba la maneno: wanawake wa mtaani wakasema ni gari la Jaribu, limemtikisa Moza hata ntoto hakustahamili. Maneno hayo yalimfikia Jaribu. Moza mwenyewe hakutamka lolote, ila baada ya yule wa pili hakupanda tena gari la mumewe. Akija kututembelea alikuja kwa miguu, na mumewe akimtazama mpaka apotee njiani.

Mwaka wa sitini akashika mimba ya tatu. Mkunga wetu, Bi Bimkubwa, alimpapasa tumbo akamwambia Jaribu waziwazi: "Mwanangu, huyu mie simzalishi hapa. Uchungu ukianza tu, nkimbize Chake kwa daktari." Jaribu akatoka nje, akasimama mbele ya gari lake muda mrefu. Ilimpasa akimbie, na ilimpasa asitikise. Nani awezaye yote mawili kwenye barabara ile?

Na gari lenyewe alikuwa amekwisha kuliharibu kwa mikono yake. Msimu uliopita aliona lori la karafuu linavyokata kona bila kulala upande, akaenda akatafuta bamba za springi za lori, akazipachika kwenye gari lake. Kweli halikulala tena. Lakini lori lile hubeba magunia mpaka juu, na yeye hubeba watu watatu na kuku. Kila shimo likawa linaturusha tukigonga vichwa.

Akalipeleka kwa Mabruki, fundi wa pale Wete. Mabruki akakandamiza kona ya nyuma kwa mikono miwili, akaachia, gari likanesa likanesa. "Springi kazi yake kubeba," akasema. "Ikisha kubeba, yataka kuruka. Shokapu ndiyo inayoishika isiruke. Weye umekaza ya kubeba, ya kushika umeiacha imekauka haina hata tone la mafuta. Gurudumu likiwa hewani, kona utaikata na nini?"

Wakaanza kutoa bamba moja baada ya moja. Wakitoa moja, Jaribu hulipeleka gari konani, na mie Mwatum nimekalishwa nyuma na bakuli la uji mapajani, ndiyo mizani yao. Kanga zangu zilinuka uji mpaka nikachoka kufua. Mwisho wakapata pao: springi laini ya kumeza mashimo, lakini si laini ya kulilaza gari. Zikabaki shokapu, nazo zilitaka mafuta mazito ya kazi hiyo, ambayo yangekuja na meli kutoka Unguja. Mabruki akamwambia angoje.

Kungoja hakukuwa kazi ya Jaribu. Aliona mafuta ni mafuta, akachukua mafuta ya nazi aliyopika mkewe, akayachuja, akayatia. Tukalijaribu mchana, jua la utosi. Wallahi, sijapata kupanda gari zuri kama lile! Lilikwenda mbio konani limetulia, na uji haukumwagika. Nikasema mashaallah. Jaribu akalia machozi hapo hapo usukanini, akajifanya kaingiwa na vumbi.

Uchungu ulimshika Moza Alhamisi ya kipupwe, alfajiri, baridi imetanda, mie na Bi Bimkubwa tumelala kwao. Jaribu akakandamiza gari kama alivyomwona Mabruki akifanya, gari halikunesa hata kidogo. Gumu kama jiwe. Nikakimbilia jikoni nikatazama chupa ya mafuta ya nazi: nyeupe pe, imeganda. Mwanamke yeyote wa Pemba angemwambia, lakini hakumuuliza hata mmoja. Bi Bimkubwa akatoka na maji ya moto aliyoyateleka kwa ajili ya mzazi, akanipa, nikalala chini ya gari nikazimwagia shokapu huku namtukana shemegi yangu kimoyomoyo. Gari likaanza kunesa, tukampakia Moza.

Basi hapo ndipo Jaribu, yule wa kona, akaendesha kama anayebeba mayai. Baiskeli ikatupita. Moza ananing'ang'ania mkono anaugua.

"Mbona hwendi?" akauliza.

"Nakuchelea," Jaribu akasema bila kugeuka. "Nshakuulia wawili."

Moza akauma kanga mpaka maumivu yakapita. "Nani kakwambia? Wote wawili walikwisha kutulia, hawachezi tena, kabla sijatia mguu garini. Mie ndiye nlokuwa nao tumboni."

"Ah! Mbona hukunambia?"

"Hukuniuliza. Ulikwenda kumuuliza Mabruki."

"Na mbona ukaacha kupanda?"

"Kwa sababu kila nikikaa hapa nakumbuka nilivyorudi. Sasa endesha, bwana!"

Akaendesha. Sitaki kueleza zile kona, nilifumba macho nikasoma nilichokijua. Tulifika, na kabla ya adhuhuri alizaliwa mtoto wa kike, mzima, ana sauti ya kukemea. Kwa siku ile wakamwita Mwanakhamis.

Alasiri nikamwacha Jaribu amekaa karibu na kitanda cha mkewe, kofia mkononi. Nilipofika mlangoni nikamsikia anauliza, polepole, kama mtu anayejifunza kusema: "Yule wa mwanzo, Moza. Ulijuaje kama katulia?" Dada yangu akaanza kumsimulia, nami nikaufunga mlango.