Rota Itazame Saa Moja

Mume wangu alikuwa bubu wa kujitakia. Miezi minne ya ndoa, na maneno aliyonipa ningeweza kuyafunga kwenye pindo la khanga. "Chumvi." "Nimekuja." "Nakwenda." Mimi nimezaliwa Kalinzi, kwenye nyumba ya watu kumi na wawili ambako hata kumenya mihogo ni mkutano. Nikaletwa kijiji cha ujamaa karibu na Simbo, kwa mwanamume wa Ujiji ambaye babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo, fundi wa gari la kijiji. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," mama alinituliza. Nikausubiri huo mshindo hadi nikachoka. Niliamini hanipendi, na moyoni nilishaamua kwamba tukishavuna maharage narudi kwetu.

Basi siku moja akafungua rejeta ingali ya moto. Fundi mzima! Maji yakamchoma viganja vyote viwili. Zahanati wakamfunga bandeji mpaka karibu na viwiko. Nyuma yake pikapu ilibaki imefunguliwa distributa, kile chombo kinachogawa cheche kwenye plagi, na kesho yake mwenyekiti aliitaka ikachukue unga Kigoma mjini.

"Njoo unisaidie," akasema. Nikajifunga khanga kiunoni, nikaenda.

Alikaa kwenye kigoda kando ya tairi la mbele, na kwa kuwa mikono haikuweza, mdomo ukalazimika. Aliniambia nitoe plagi ya kwanza, nizibe tundu lake kwa kitambaa, kisha nizungushe handeli ya kuwashia injini. Kitambaa kiliporuka akasema vizuri, pistoni inapanda, sasa polepole, mpaka alama ya puli, lile gurudumu la mkanda, iikute alama ya injini.

"Hapo hapo. Tumbukiza distributa, rota itazame saa moja."

Rota ni kile kidole kidogo kinachozunguka mle ndani. Nikakiweka kama nilivyoambiwa, nikafunika, nikarudisha plagi, nikawasha. Kabureta ikatema moto kwa mlio wa bunduki. Kuku wa jirani wakatokomea mihogoni.

"Umeweka saa ngapi?"

"Saa moja."

Nikafunua, akachungulia. "Mbona inatazama chini?"

"Si ndiyo saa moja? Mshale mfupi unakaa kwenye saba, chini. Mwalimu alitufundisha hivyo. Kwenu saa moja inakaa wapi?"

Alinikodolea macho, kisha akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Ufundi alijifunzia ng'ambo ya ziwa, kwenye gereji ya Mbelgiji, na kule saa moja ni pale penye moja. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akawa anahangaika kuyafuta kwa yale mabandeji yake. Nikamfuta mimi, kwa upindo wa khanga. Ndevu zake zilikuwa laini kuliko nilivyodhani.

"Mke wangu," akasema, "moja na saba zinatazamana. Umenigeuzia injini nusu mzunguko kamili. Hata ukitafuta kosa kubwa kuliko hilo hulipati."

Nikaigeuza rota ikatazama juu. Injini ikawaka, ila kwa kukohoa. Akanielekeza nilegeze boliti moja, nishike distributa, niisogeze kidogo tu, kidogo tu.

"Cheche ikiwahi, injini inagonga. Ikichelewa, inasinzia. Sikiliza, usiangalie."

Nikasikiliza. Na yeye, maadamu mdomo ulikwishafunguka, akaendelea. Akanieleza kwamba kwenye gereji ile kila aliyeuliza swali alipigwa spana ya mkono, ndipo akazoea kutosema. Akanieleza habari za mama yake, aliyekufa yeye akiwa huko huko, asimzike. Alisema yote hayo akiitazama injini, kama mtu anayeisimulia yenyewe. Nilimhurumia, na nilijionea haya kwa ule mpango wangu wa maharage.

Mara injini ikatulia. Ikanguruma sawasawa, bila kikohozi.

"Hapo. Kaza boliti," akasema, akanyamaza.

Kazi imekwisha, na maneno nayo yamekwisha. Kesho bandeji zitapungua, keshokutwa tutarudi kwenye "chumvi" na "nakwenda". Spana ninayo mkononi, boliti bado imelegea. Nikaisogeza distributa nyuma, makusudi. Injini ikaanza kusinzia.

"Imechelewa," akasema.

"Kumbe! Sasa nifanyeje, bwana?"

Alijua. Mtu anayelitambua gari bovu kwa mlio lingali kona ya mbali hawezi asijue. Aliutazama mkono wangu kwenye ile distributa, akanitazama usoni, kisha akakivuta kigoda kwa mguu hadi goti lake likanigusa.

"Zima gari," akasema. "Tuanze upya, nikueleze vizuri."