Betri Ilipoisha Kwa Shosho
Juzi nilikuta kwenye simu kile kipindi cha zamani cha mpelelezi aliyenusa viatu vya kila mshukiwa. Utotoni, kule Kabazi, tulikitazama Jumapili alasiri kwa nyanya yangu, Shosho, sebule ikinuka maziwa yaliyoungua, televisheni ikitegemea betri ya gari. Siku moja betri iliisha, kama kawaida yake, kabla muuaji hajatajwa; picha ilisinyaa ikawa kidoti, ikazimika. Shosho akaweka kikombe chini.

"Ni daktari," akasema. "Hakumaliza chai ya watu."

Mimi nilidhani kipindi huisha hivyo kila nyumba, nyanya akitaja muuaji.

Juzi ndipo nilipoona mwisho wenyewe wa kisa kile. Kumbe muuaji alikuwa mpishi.

Binti yangu akauliza kutoka jikoni, "Mum, ni nani aliua?"

"Ni daktari," nikamwambia. "Hakumaliza chai."