Mtakatifu Benedikto Hageuzwi Njiani

Bi Eudosia alikuwa na namna yake ya kusali. Alikaa chini, mguu mmoja ameunyoosha, shoka amelibana chini ya paja, makali yakitazama juu. Akaweka tunda gumu la mchikichi wa babasu juu ya makali, akanyanyua gongo.

"Mtakatifu Anna!" Ta! Tunda likapasuka. "Utuombee."

"Mtakatifu Lusia!" Ta! "Utuombee."

Kwa namna hiyo alikuwa amevunja babasu tangu akiwa na miaka saba, hapo kijijini Amparo, katika nyanda za Maranhão. Viini vilitoa mafuta ya kupikia na sabuni, maganda yakawa makaa, na kwa hayo alilea watoto wanane. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kwamba kazi ni kitu kimoja na sala ni kitu kingine. Jumapili yeye ndiye aliyeongoza litania kanisani, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kichakani, ya kumfikia aliye mbali.

Mwaka mmoja alikuja mfugaji tajiri, Bwana Agenor, na karatasi ya umiliki wa ardhi kutoka mjini. Michikichi ile haikuwahi kuwa na mwenyewe, na kila mwanamke wa Amparo alijua mti aliookotea bibi yake. Bwana Agenor akaizungushia yote seng'enge, akaingiza ng'ombe, akaweka walinzi wenye bunduki. Firmina, jirani wa Eudosia tangu utotoni, alipojipenyeza kuokota matunda, walimchomea kikapu chake mbele ya macho yake. Kufika mwezi wa nane, majiko mengi ya Amparo yalikuwa yamepoa.

Padri Anselmo, mtu mwema lakini mwoga, aliitisha sala ya Ijumaa. Wakasali Ijumaa tatu. Ya nne, Bi Eudosia alisimama katikati ya rozari.

"Padri, nisamehe. Tunamwomba Mungu aiondoe seng'enge, na mikono aliyotupa tumeikunja. Yeye akituuliza mikono yetu ilikuwa wapi, tutamjibu nini?"

"Unataka tufanye nini, Bi Eudosia? Wale wana bunduki."

"Nataka tufanye sikukuu. Basi."

Zilikuwa zimebaki siku tisa kufika Sikukuu ya Mtakatifu Benedikto. Kila mtu pale kanisani alielewa papo hapo, na minong'ono ikapita kwenye mabenchi kama moto kwenye nyasi kavu. Tangu enzi za mabibi, sanamu ya mtakatifu hutoka kanisani, hubebwa hadi chemchemi, huoshwa miguu, ndipo hurudi. Na chemchemi sasa ilikuwa ndani ya seng'enge.

"Tunaweza kuzunguka makaburini tu," padri alisema kwa sauti ndogo. "Mwaka huu peke yake."

"Mtakatifu akishatoka hageuzwi njiani, Padri. Hata wewe unajua."

Kweli alijua. Hakuna mtu wa Amparo, hata mlevi, ambaye angethubutu kumgeuza mtakatifu kabla hajafika maji.

Siku ikafika. Ngoma! Fataki! Watu walitoka vijiji ambavyo Eudosia hakuwa amewahi kuvisikia, wanawake wamevaa nyeupe, kila mmoja na kikapu kichwani kana kwamba ni cha maua tu. Mtakatifu Benedikto, mweusi kama wao, mpishi kama wao, alikaa juu ya machela amefungwa utepe wa kila rangi. Mbele kushoto bega lilikuwa la Eudosia, mbele kulia la Firmina. Wakigeuzwa leo, Eudosia alijua, hawatarudi tena pale, na michikichi itakuwa imekwenda.

Getini walikuta walinzi watano. Aliyeshika ufunguo alikuwa Juvensio.

Eudosia ndiye aliyembeba Juvensio kwenye maji ya ubatizo, mama yake mzazi akiwa kitandani na homa. Kijana alipomwona mama yake wa ubatizo, mwili wake ulifanya kile ulichofanya miaka ishirini na mitano: alivua kofia, akanyoosha mkono.

"Baraka, mama."

Kwa watu wa Amparo mama wa ubatizo hanyimi baraka, na mtoto haendi zake bila kuubusu mkono.

"Nataka kukubariki, mwanangu," alisema Eudosia. "Lakini mkono wangu haupiti kwenye seng'enge. Utaubusuje?"

"Mama, usinifanyie hivi mbele za watu."

"Mimi? Wewe ndiye uliyemsimamisha mtakatifu na bunduki!"

"We Juvensio!" Firmina akapaza sauti. "Bega langu si la chuma! Ama fungua, ama njoo ubebe!"

Kicheko kikalipuka. Mlinzi mmoja akafoka, "Usifungue! Bosi atatuchuna ngozi!"

Eudosia alifumba macho, akaanza litania.

"Mtakatifu Anna!"

"Utuombee!" Mamia ya sauti.

"Mtakatifu Benedikto!"

"Utuombee!" Na walinzi nao waliitikia. Wangefanyaje? Walinyonya litania hiyo pamoja na maziwa. Kofia zilianza kushuka moja baada ya nyingine.

"Katika njaa!"

"Utuokoe, Bwana!"

"Katika homa!"

"Utuokoe, Bwana!"

"Katika seng'enge!"

"Utuokoe, Bwana!" walinguruma walinzi wote watano, kisha wakatazamana, midomo wazi.

Halafu kufuli likalia. Juvensio alisukuma geti kwa mikono miwili, akapiga goti vumbini, akaubusu ule mkono mgumu uliojaa makovu ya shoka.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema Eudosia. "Sasa inuka, maana machela haisubiri."

Walipita! Walimwosha mtakatifu miguu, na waliporudi kila kikapu kilikuwa kimejaa babasu, padri mwenyewe akiwa na matunda mawili mfukoni mwa kanzu.

Bwana Agenor aliwafukuza walinzi wote watano, akaajiri wengine. Lakini aliwatoa vijiji vile vile, nao walikuwa na mama zao wa ubatizo, na kila asubuhi wanawake walifika getini wakiimba. Kufuli lile halikufungwa tena.

Asubuhi ya pili baada ya sikukuu Juvensio alikuja uani kwa Eudosia, mikono mitupu.

"Baraka, mama."

"Mungu akubariki. Bunduki iko wapi?"

"Wameichukua. Sina kazi."

Eudosia akamsukumia shoka na gongo. "Kaa hapo."

"Mama, hii kazi ya wanawake."

"Na kufungua geti ilikuwa kazi ya nani?"

Juvensio alikaa, akabana shoka, akaweka tunda. Kwa pigo la kwanza tunda likaruka hadi kwa kuku, na Firmina akacheka mpaka akashika ubavu.

"Umesahau kumtaja mtakatifu," alisema Eudosia. "Anza tena."