Chachu Haijui Sabato

Mume wangu alirudi kutoka vita vya Burma na koti la jeshi, kikohozi na wazimu wa roketi. Aliziona huko zikipita juu ya vichwa vyao, akaapa kurusha yake hapa Manga. Mwili wa roketi aliuunda upesi: bomba la bati lenye ncha. Kilichomshinda ni cha kuisukuma.

Kwa baruti serikali ingemfunga. Vichwa vya viberiti vilimla nyusi, nami nikakosa cha kuwashia moto. Akajaribu mvuke, akaniharibia birika. Mwishowe akaja na uji wa wimbi: autie kimea, autumbukize bombani uchachuke humo, azibe kwa gunzi na kulifunga kwa kamba ya katani. Gesi ikishajaa, anakata kamba, roketi inaruka.

"Hiyo ni busaa," nikamwambia.

"Busaa ni ya kunywa, Mama. Hii ni ya kuruka."

Nilikasirika kweli. Jumamosi hiyo wazee wa kanisa walikuwa waje kula kwetu baada ya ibada, wamtazame kama anafaa kuwa mzee mwenzao, na kwetu Wasabato pombe haina mjadala. Heshima ile niliitamani kuliko yeye. Akaniahidi itaruka Ijumaa mchana. Ijumaa mchana uji ulikuwa umelala tu. Jua likatua, Sabato ikaingia.

"Basi ng'oa hilo gunzi," nikasema.

"Hiyo ni kazi," akajibu, akaenda kuoga.

Yeye alipumzika kama ilivyoamriwa. Chachu haikupumzika.

Kesho yake wazee walikuwa wameketi uani, mkubwa wao akiombea chakula, niliposikia kamba ikikatika nyuma ya jiko. Bomba likapita juu ya migomba, likatokomea bondeni, na uji wote ukatumwagikia sisi. Harufu ilijieleza yenyewe. Nilitamani ardhi inimeze.

Yule mzee mkubwa akajipangusa uso, na bila kufikiri akalamba kidole.

"Hii kimea mliweka kidogo," akasema.

Wenzake wakamgeukia. Yeye akaitazama sahani yake, tukala mpaka ndizi zikaisha.

Mwezi uliofuata mume wangu alipigiwa kura kuwa mzee wa kanisa. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa mzee mkubwa.